Mkono wa Nani? Somo la Biashara katika Njia ya Tabora

Wasomaji wetu wa Tabora na wa vijiji vyake hupita kila siku mbele ya maduka. Huona vitambaa, chumvi, mafuta ya taa na majembe, wala hawashangai, maana bidhaa hizo wamezikuta tangu walipozaliwa. Lakini yafaa tujifunze zilifikaje huku, na mnunuzi wa zamani alikuwa na nguvu gani mbele ya mwuzaji. Jambo hili si la wazee peke yao. Lawahusu hasa wakulima wa tumbaku, nao tutawafikia.

Mwezi wa Novemba 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, waliingia Kazeh katika Unyanyembe, ndipo penye Tabora ya leo. Burton alikuwa mtu wa kuandika kila alichokiona, na katika bidhaa za misafara alihesabu aina zipatazo 400 za shanga. Zile ndogo nyekundu, ambazo wengi waliziita samesame, zilikuwa na majina mengine ya kuchekesha: moja maana yake kimaliza chakula, jingine kivunja mji, kwa kuwa watu walizitamani kupita kiasi. Basi tusidhani kwamba tamaa ya vitu vya dukani ilianza na redio na baiskeli.

Walakini mnunuzi wa siku zile hakuwa mjinga hata kidogo. Stanley, alipojitayarisha Unguja mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, alilazimika kuwauliza wafanyabiashara Waarabu ni rangi gani ipendwayo katika kila nchi. Shanga nyeusi zilikuwa kama fedha Ugogo, na kwingineko zilikataliwa. Nyekundu zilitakiwa Unyamwezi. Aliyekosea rangi alikuwa amewalipa wapagazi wabebe mzigo usionunua hata kuku mmoja. Mapadre Weupe waliotoka Bagamoyo mwaka 1878 nao walibeba vitambaa na shanga, maana bila hivyo hapakuwa na chakula wala ruhusa ya kupita. Mgeni alijifunza matakwa ya mwenyeji, au alilala njaa.

Kitambaa kikuu kilikuwa merikani. Jina hilo latuambia kilikotoka: viwanda vya Marekani, kwa meli zilizotoka hasa katika bandari ya Salem. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, vya 1861 hadi 1865, vilipokatiza pamba, vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vilishika nafasi, lakini jina likabaki lile lile. Pamoja nacho kilikuja kaniki, kitambaa cha rangi ya nili kutoka Bara Hindi, na masango, yaani nyaya za shaba za kufanyia vikuku.

Sasa tufike kwenye kipimo, maana hapa ndipo penye somo lenyewe. Kitambaa kilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilifanya shuka, na minane ilifanya doti. Mtu mwenye akili atauliza mara moja: mkono wa nani? Mkono hukadiriwa kuwa inchi 18. Mwuzaji akipima kwa mkono wa inchi 16, katika kila doti mnunuzi apoteza inchi 16, karibu mkono mzima. Katika doti tano amekwisha kupoteza zaidi ya shuka moja. Wala hapana neno la uwongo lililosemwa, kwa sababu doti ni mikono minane na mikono minane imehesabiwa mbele ya macho yake. Wizi haukuwa katika hesabu. Ulikuwa katika kuchagua mpimaji.

Kwa nini basi mnunuzi wa zamani hakuangamia? Kwa sababu aliweza kukataa. Jembe alilipata kwa wahunzi wa nchini. Chumvi ilitoka Uvinza, katika njia ya Ujiji. Hata vitambaa vya pamba vilifumwa Unyamwezi kwenyewe. Merikani alikipenda, lakini bila hicho aliishi. Tena alikuwa na kitu cha kuuza ambacho tajiri hakuweza kukikosa, nacho ni mabega yake. Wanyamwezi walijulikana mpaka pwani kuwa wapagazi hodari, na mishahara yao walipatana kabla ya kuinua mzigo. Mtemi Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora kuanzia 1871, njia ya Ujiji ilifungwa, na matajiri waliona wazi kwamba biashara yao ilitegemea ridhaa ya wenye nchi.

Tusiipambe njia ile kupita haki. Humo humo walipita watumwa, na merikani ile ile ilinunua watu.

Nguvu ya kukataa ilianza kupotea wakati Wadachi walipoleta kodi ya nyumba mwaka 1898. Kodi ina siku yake, na mwenye duka aijua siku hiyo kama mwenye nyumba aijuavyo. Reli iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Bidhaa zikawa nyingi, lakini mabega ya mpagazi hayakutakiwa tena. Ikaja rupia, na tangu 1904 heller mia kwa rupia moja. Katika vita, mwaka 1916, Wadachi walipiga sarafu papa hapa Tabora, katika karakana ya reli, pamoja na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Wabelgiji waliuteka mji mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Kisha Waingereza wakaleta shilingi. Fikirini mtu aliyeweka akiba yake katika sarafu hizo zote kwa zamu!

Mkulima akawa mtu wa kuuza upesi. Alivuna mwezi mmoja na wenziwe wote, bei ikashuka, akauza hivyo hivyo kwa sababu ya kodi, na wakati wa njaa akanunua nafaka kwa bei ya juu. Barazani mwa duka fundi wa cherehani alimshonea kanzu, naye aliona kuwa amepata maendeleo, na kweli aliyapata kiasi. Serikali ya Kiingereza nayo iliweka sheria ya kuzuia Waafrika wasikopeshwe ovyo: mwenye kukopesha bila idhini ya serikali hakuweza kudai mahakamani. Ilisemwa ni kwa ajili ya kumlinda mdogo. Lakini Mwafrika aliyetaka kufungua duka alikosa mali ya mkopo kwa tajiri wa jumla, na duka lake likabaki dogo.

Tuje Urambo. Mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, ulikufa kufikia 1951, na tumbaku ikashika mashamba. Leo mkulima wa tumbaku wa Tabora, Urambo au Kaliua hupokea mbolea na dawa kwa mkopo kupitia chama chake cha msingi, na deni hukatwa anapouza. Imetokea kwamba deni la mwanachama mmoja likalipwa kwa tumbaku ya wenziwe. Madaraja ya tumbaku ni makumi, bei yake hutajwa kwa dola, na marobota hupangwa madaraja na mteuzi siku ya soko, wakati mkulima amekwisha kula mkopo na hawezi kurudi nyumbani na mzigo.

Tumbaku haiwezi kupikwa ikawa ugali. Ndiyo tofauti yake na mtama wa babu, aliyeweza kukataa shanga nyeusi na kwenda zake. Kwa hiyo mwanachama na aulize mapema, katika mkutano wa chama, kabla ya kutia kidole katika wino: mfuko wa mbolea ni shilingi ngapi, riba ni kiasi gani, dola itageuzwa kwa bei ya siku ipi, na mwenzangu akishindwa nitalipa mimi kiasi gani? Majibu yaandikwe katika kitabu cha chama, na nakala abaki nayo mwenyewe.

Na siku ya soko, mteuzi anapotamka daraja, mkulima na awe amesimama penye robota lake mwenyewe, si chini ya mwembe.