Jinsi Mwili Unavyojijenga

Mtu akijikata kwa kisu jikoni hufunga kidole kitambaa, na baada ya siku chache akakuta ngozi mpya imekwisha ziba pahala palipokatika. Yatoka wapi ngozi hiyo? Haikutoka katika dawa aliyopaka, bali imetoka katika ngozi yake mwenyewe iliyobakia pembezoni mwa kidonda.

Mwili wote umejengwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa jicho, nazo ndizo ziitwazo seli. Kila seli imezaliwa na seli iliyoitangulia. Haizuki tu patupu. Wala haikui bila ya mpaka, kwani chakula chake hupita katika utando wake wa nje, na kila ikinenepa, tumbo lake huzidi upesi kuliko ule utando. Basi hufika wakati ikagawanyika, zikawa mbili.

Kugawanyika huku si kama kukata mkate. Ndani ya seli mna kiini, na ndani ya kiini mna nyuzi zibebazo maagizo ya mwili. Kwanza seli huzinakili nyuzi hizo zote, kila uzi ukawa na pacha wake. Kisha nyuzi hujikunja, zikawa fupi na nene, zikajipanga safu moja katikati. Pacha huyu huvutwa upande huu na mwenziwe upande ule, ndipo seli ikabanwa kiunoni hata ikakatika. Mwendo wa nyuzi hizi ulielezwa na Mjerumani Walther Flemming mwaka 1882, baada ya kuzitazama sana seli za salamanda, mnyama afananaye na mjusi.

Sasa sikiliza ajabu. Kwa miaka zaidi ya 30 vitabu vilisema nyuzi za mwanadamu ni 48, na waliohesabu wakaona 48, kwa kuwa waalimu walikwisha sema hivyo. Mpaka mwaka 1956, Joe Hin Tjio na Albert Levan, katika mji wa Lund huko Uswidi, wakatangaza hesabu yao: ni 46. Nyuzi hazikubadilika, watu ndio waliokuwa wakifuata tu. Na maradhi haya ya kufuata hayako katika maabara peke yake.

Seli ina walinzi wake, waizuiao isigawanyike kabla nakala hazijatimia. Maagizo ya ulinzi huo yakiharibika, seli huweza kugawanyika ovyo, na wanawe vivyo hivyo, na huo ndio mwanzo wa saratani. Mara nyingi uvimbe wake hauumi hapo kwanza, na kwa kuwa hauumi, watu hungoja. Wengine hufungwa hirizi, na miezi hupita hali seli zinazaana. Vimbe nyingi si saratani, lakini kwa kupapasa hazijulikani zote. Daktari hukata kipande kidogo, kikatazamwa kwa hadubini, na miongoni mwa yatazamwayo ni seli ngapi zimekutwa nyuzi zake zikiwa safuni, tayari kuachana.