Bakuli la Wali na Samaki la Wajapani: Tulipikeje Huku Pwani?

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaingia jikoni. Siku hizi vijana wanaona kwenye simu zao chakula cha Wajapani: bakuli la wali, na juu yake vipande vya samaki mbichi ambavyo havijapita motoni kabisa. Wanauliza, "Mama, mbona na sisi tusijaribu, samaki si tunao?" Swali hilo ni la haki. Anayeishi Mikindani, Msangamkuu au Msimbati humpata samaki angali akirukaruka, na mtu angedhani kwamba sisi ndio tungefaa zaidi kumla mbichi. Mambo hayaendi hivyo. Ni vizuri tuelewe kwa nini, maana sababu yake inamgusa hata yule samaki wa kukaanga tunayemla Ijumaa za Kwaresima.

Wajapani wenyewe hufanyaje?

Chakula chao kiitwacho sushi hakikuanza na samaki mbichi kama tunavyomwona leo. Zamani samaki alitiwa chumvi, akashindiliwa katika wali uliopikwa, akaachwa miezi mingi mpaka wali ukachacha. Uchachu huo ndio uliomhifadhi. Wali ulitupwa, samaki akaliwa. Ni akili ile ile ya wazee wetu waliotengeneza ng'onda kwa chumvi na jua. Siki ambayo Wajapani hutia kwenye wali hadi leo imeshika nafasi ya uchachu ule.

Samaki mbichi wa siku hizi anategemea kitu kimoja kikubwa: baridi isiyokatika. Akishavuliwa hutolewa damu, hutumbuliwa, na huzikwa kwenye barafu akiwa bado chomboni. Jodari wengi wanaoliwa wabichi hugandishwa huko huko baharini kwa baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri. Huko Marekani wataalamu wanaelekeza kwamba samaki wa kuliwa mbichi agandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, au nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15, ili minyoo ife. Je, friza ya nyumbani, inayofunguliwa kutwa na watoto wanaotafuta barafu za juisi, na umeme nao unakatika, itaifanya kazi hiyo? Haiwezi kuaminiwa.

Na pamoja na uangalifu wote huo, kila mwaka wako Wajapani wanaougua kwa sababu ya minyoo midogo iitwayo anisakisi. Minyoo hiyo hukaa katika matumbo ya samaki wa baharini, na samaki akifa bila kutumbuliwa mapema, mingine huhamia kwenye nyama. Mtu akiila ikiwa hai hupata maumivu makali ya tumbo saa chache baadaye, pamoja na kutapika.

Ndimu si moto

Wako wanaosema, "Nitamlowesha katika ndimu au siki, ataiva." Ni kweli kwamba nyama itageuka kuwa nyeupe na kukaza kama iliyopikwa, lakini rangi hiyo inadanganya. Minyoo huvumilia siki, na vijidudu vingi pia hubaki. Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Maji ya mlangoni mwa Mto Ruvuma, pale maji baridi yanapokutana na ya chumvi kati ya mikoko, ni ya vuguvugu, na maji ya namna hiyo hupendwa na vijidudu vya jamii ya kipindupindu. Tunakumbuka mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ukasambaa mikoa mingi. Chaza na kome ndio wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa huchuja maji hayo mchana na usiku na kuweka vijidudu mwilini mwao.

Kwa hiyo jibu letu kwa vijana ni hili: bakuli la Kijapani tutalipika, ila samaki apite motoni. Mama mjamzito, mtoto mdogo, mzee, mgonjwa wa ini na anayeishi na virusi vya Ukimwi wasionjeshwe samaki mbichi hata kipande kimoja, popote pale.

Sumu ambayo moto hauiondoi

Hapa ndipo tunapoomba usikivu wa akina baba wanaokwenda mnadani na akina mama wanaonunua mlangoni. Jodari, sehewa, vibua, nguru na dagaa wana kiini cha protini kiitwacho histidini kwa wingi katika nyama yao. Samaki akikaa kwenye joto baada ya kufa, vijidudu hukigeuza kiini hicho kuwa histamini. Kwa joto la Mtwara, la nyuzi 30 hivi, saa chache tu zinatosha kuanzisha kazi hiyo. Histamini ikishaingia, hutaitoa kwa kukaanga, kuchemsha, kuoka wala kugandisha. Wala huwezi kuitambua kwa macho: samaki anaweza kuwa na jicho angavu na harufu njema, na sumu imo.

Dalili huja upesi, mara nyingi ndani ya saa moja. Uso huwaka na kuwa mwekundu, kichwa hugonga, moyo huenda mbio, mwili huwasha, na mdomoni husikika kitu kama pilipili. Wengine hutapika au kuharisha. Familia nzima iliyokula chungu kimoja ikishikwa pamoja, watu huanza kumtafuta mchawi. Tafadhalini, mtafuteni kwanza samaki. Kwa kawaida hali hutulia ndani ya siku moja, na dawa za mzio zitolewazo kituo cha afya husaidia sana. Mgonjwa akibanwa pumzi, akivimba uso au akizimia, asisubiriwe hata kidogo.

Kinga ni barafu. Muulize mvuvi samaki alivuliwa saa ngapi na alikaa wapi tangu hapo. Aliyelala juani ndani ya mtumbwi tangu alfajiri hafai, hata bei ikishuka nusu. Nenda sokoni na ndoo yenye barafu. Kiasi kizuri ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Ukifika nyumbani, tumbua na osha kwa maji salama mara moja, kabla ya kupiga hodi kwa jirani.

Na tukiwa tunazungumzia sumu zisizoogopa moto, tusimsahau bunju. Wajapani humla, lakini huandaliwa na wapishi wenye leseni maalumu. Kwetu atupwe, na afukiwe mahali watoto hawatamfikia. Kasa naye vivyo hivyo: Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama yake.

Sasa tupike

Isidhaniwe kwamba kwa kumpika samaki tunakiharibu chakula cha watu. Wajapani wana mabakuli mengi ya wali yenye samaki waliopikwa: mkunga wa kuchoma, kamba wa kuchemsha, na hata pweza wao kwa kawaida huchemshwa kwanza. Pweza wetu, akipondwa vizuri na kuchemshwa mpaka alainike, anafaa kabisa.

Kwa watu 6 chukua mchele nusu kilo. Mchele wa Kijapani ni mfupi na hushikana. Wa Kitere ukiongezewa maji kidogo kuliko kawaida utakaribia. Usitie nazi wala mafuta. Ukiiva na ukiwa bado wa moto, nyunyizia siki vijiko 4 vya mezani iliyochanganywa na sukari vijiko 2 vya mezani na chumvi kijiko 1 cha chai. Geuza taratibu kwa mwiko kama unayekata, usisonge, huku mtu mwingine akipepea kwa ukili au kifuniko. Watoto huipenda kazi ya kupepea.

Samaki, kilo moja ya jodari, nguru au changu, kata vipande unene wa kidole. Vipake tangawizi iliyotwangwa, ndimu na chumvi kidogo, kisha choma kwenye mkaa au kaanga kwa mafuta machache mpaka nyama ibadilike rangi hadi katikati na iachane yenyewe ukiigusa kwa uma. Kibao na kisu ulichokatia samaki mbichi kisiguse kachumbari kabla hakijaoshwa kwa sabuni.

Gawa wali kwenye mabakuli. Juu panga samaki, tango, karoti iliyokunwa, na parachichi au embe kwa msimu wake. Malizia na ufuta uliokaangwa mkavu mpaka unukie. Ufuta huu usiudharau, kwani Wajapani hununua ufuta wa Tanzania kwa ajili ya vyakula vyao, nao unalimwa mikoa yetu hii ya kusini. Ile karatasi nyeusi ya mwani wanayotumia ni ya jamii nyingine na mwani unaolimwa pwani yetu. Iache, chakula hakitapungua kitu. Sosi ya soya inapatikana madukani mijini, lakini ina chumvi nyingi sana. Mwenye shinikizo la damu atumie ndimu na pilipili.

Chakula hiki kiliwe siku hiyo hiyo, ndani ya saa mbili baada ya kuandaliwa. Wali nao una vijidudu vyake vinavyostahimili kuchemka, huamka wali ukikaa vuguvugu na kuleta kutapika. Mtoto wa shule asifungiwe bakuli hili kwenye kopo: kutoka saa 12 asubuhi hadi mapumziko ya mchana, ndani ya begi lililokaa dirishani, ni muda mrefu mno. Mfungie viazi au muhogo, na bakuli lake limngoje jioni likipikwa upya.