Je, Tuko Peke Yetu? Somo Kutoka Jiwe la Ivuna



Wakati wa kiangazi, mawingu yakiisha, mbingu za Ngara na Biharamulo hujaa nyota. Ukitoka uani usiku na kutazama juu, unaweza kujiuliza: Je, huko juu kuna watu? Kuna ng'ombe na migomba? Au ni dunia yetu peke yake yenye uhai?

Swali hili si la watoto. Wataalamu wa nchi nyingi wanalichunguza mpaka leo. Na kumbe, jiwe moja lililoanguka hapa hapa Tanzania limewasaidia sana katika kazi hiyo. Leo tutasoma habari za jiwe hilo. Lakini kwanza tupime ukubwa wa anga.

1. ANGA NI KUBWA KIASI GANI?

Chukua mfano wa basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa. Likitoka Ngara asubuhi, litafika Biharamulo kabla ya chakula cha mchana. Sasa tuseme basi hilo linaweza kupanda angani, na linakwenda usiku na mchana bila kusimama. Kufika mwezini litachukua siku 200, kwa sababu mwezi uko mbali kilomita 384,000 hivi. Kufika kwenye jua litachukua zaidi ya miaka 200. Wewe utapanda, lakini watakaofika ni vitukuu vya vitukuu vyako.

Jua letu ni nyota. Linaonekana kubwa kwa sababu liko karibu. Nyota nyingine ziko mbali mno, hata kilomita hazifai kuzipimia. Wataalamu hupima kwa mwendo wa mwanga. Mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka kwenye jua hadi uani kwako hutumia dakika 8 na kidogo. Kutoka kwenye nyota iliyo jirani kuliko zote hutumia miaka 4 na zaidi. Huyo ndiye jirani!

Je, nyota ziko ngapi? Usiku usio na mwezi huonekana ukanda mweupe unaokatiza angani. Huo ni mkusanyiko wa nyota, na jua letu ni mojawapo. Katika mkusanyiko huo mna nyota bilioni 100 au zaidi. Bilioni moja ni milioni elfu moja. Ukihesabu nyota moja kila sekunde, bila kula wala kulala, utahitaji zaidi ya miaka 3,000 kuzimaliza. Na mikusanyiko ya namna hiyo angani ni mingi sana.

Nyota nyingi zina sayari zinazozizunguka, kama dunia yetu inavyolizunguka jua. Mwaka 1995, Michel Mayor na Didier Queloz wa Uswisi walitangaza kwamba wamegundua sayari inayozunguka nyota nyingine inayofanana na jua letu. Mwaka 2019 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Hadi mwaka 2025 sayari za namna hiyo zilizothibitishwa zilikuwa zimepita 6,000.

Basi, mahali pa kuishi panaweza kuwa pengi. Lakini kuwapo kwa shamba si ushahidi kwamba kuna mkulima. Tunahitaji ushahidi mwingine.

2. WAGENI WAWILI KUTOKA ANGANI

Ushahidi mwingine hutujia wenyewe. Mara kwa mara mawe huanguka kutoka angani. Huitwa vimondo. Mkoa wa Songwe, kusini magharibi ya nchi yetu, una vimondo viwili mashuhuri.

Cha kwanza ni Kimondo cha Mbozi. Hukadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, na urefu wake ni kama mita tatu. Ni chuma kitupu kilichochanganyika na nikeli kidogo. Nikeli si jina geni kwetu, maana iko ardhini kule Kabanga, wilayani Ngara. Na chuma tunakijua tangu zamani. Wazee wetu walikiyeyusha na kufua majembe kabla majembe ya dukani hayajaja. Kwa hiyo madini ya angani na madini ya dunia ni ndugu. Dunia na anga vimejengwa kwa vitu vilevile.

Cha pili ni kidogo, na wengi hawajakisikia. Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa. Vipande vilivyookotwa vilikuwa na uzito wa gramu 705 hivi. Hata kilo moja haikufika! Tena halikuwa jiwe la kuvutia. Lilikuwa jeusi na laini, kama bonge la udongo uliochanganyika na mkaa.

Lakini hilo jiwe la Ivuna lina thamani kubwa kwa wataalamu. Limekuwapo tangu jua na sayari zilipoanza, yaani miaka bilioni 4 na nusu iliyopita. Ndani yake mna maji yaliyofungamana na udongo wake. Pia mna asidi amino. Asidi amino ni nini? Tunaambiwa kila siku kwamba maharage yana protini, nayo protini hujenga mwili. Hiyo protini yenyewe imejengwa kwa asidi amino, kama ukuta ulivyojengwa kwa matofali. Matofali ya namna hiyo yamo katika jiwe lililotoka angani.

Mawe ya aina hii ni adimu sana. Yaliyookotwa duniani kote hayafiki kumi. Ndiyo maana wataalamu huliita kundi lake lote kwa jina la Ivuna. Mtaalamu akiwa Tokyo au London, akitaja kundi hilo, anataja kijiji cha Tanzania.

3. HARAKA HARAKA HAINA BARAKA

Mwaka 1961, mwaka uleule wa Uhuru wetu, wataalamu wawili waliokuwa Marekani, George Claus na Bartholomew Nagy, walitoa habari ya kushangaza. Walikuwa wamechunguza kwa darubini jiwe la Ivuna na jiwe jingine lililoanguka Orgueil, Ufaransa, mwaka 1864. Walisema wameona vitu vidogo mno vinavyofanana na mabaki ya viumbe. Magazeti yakapokea. Ati uhai wa angani umepatikana!

Wataalamu wengine walitaka uhakika. Walichukua mawe hayo wakayachunguza upya. Waliona nini? Baadhi ya vitu vile vilikuwa chavua, yaani ule unga wa maua, iliyoingia baada ya mawe kufika duniani. Vingine vilikuwa chembe za madini tu, zenye umbo linalodanganya macho. Dai likaanguka.

Tunajifunza nini hapo? Mtu msomi haamini neno kwa sababu limechapishwa, wala halikatai kwa sababu ni geni. Huuliza: Ushahidi uko wapi? Je, mtu mwingine akipima atapata jibu lilelile?

4. KUFUATA JIWE HUKO HUKO ANGANI

Kwa kuwa jiwe lililolala duniani huchafuka, Wajapani waliamua kwenda kulichukua jiwe huko huko liliko. Mwezi Desemba 2014 walirusha chombo kiitwacho Hayabusa2. Kilikwenda mpaka kwenye mwamba mkubwa unaolizunguka jua, unaoitwa Ryugu. Kilichota mchanga wake na kuuleta duniani mwezi Desemba 2020. Safari ya miaka sita! Na mzigo wenyewe? Gramu 5 na kidogo, kama kijiko kimoja cha chai.

Mchanga ule ulipopimwa, ulifanana na nini? Ulifanana na mawe ya kundi la Ivuna. Kitu kilichotafutwa angani kwa miaka sita, kilikwisha kujileta chenyewe karibu na Ziwa Rukwa mwaka 1938. Tena ndani ya mchanga ule safi zilikutwa asidi amino. Hapakuwa na chavua ya kusingiziwa.

Marekani nayo ilileta mchanga kutoka mwamba mwingine, uitwao Bennu, mwezi Septemba 2023. Viumbe wa dunia hutumia asidi amino 20 kujengea protini. Mwaka 2025 wataalamu walitangaza kwamba 14 kati ya hizo zimo katika mchanga wa Bennu.

5. BASI, VIUMBE WAPO AU HAWAPO?

Tuseme ukweli kama ulivyo. Mpaka sasa hakuna kiumbe hai hata kimoja kilichothibitishwa nje ya dunia, hata kijidudu. Tulichokipata ni matofali. Na tofali si nyumba. Ukikuta lundo la matofali kando ya njia, huwezi kusema hapa pana watu. Lakini ukikuta malundo njia nzima, unaweza kusema kwamba kujenga kunawezekana.

Sayari ya Mirihi nayo inachunguzwa. Mwezi Septemba 2025 Marekani ilitangaza kuwa jiwe moja la huko lina madoa ambayo huenda yalifanywa na vijidudu vya zamani. Zingatia neno "huenda". Madoa kama hayo yanaweza kutokea hata pasipo uhai. Yaliyotokea mwaka 1961 yamewafundisha watu kusubiri.

Na kama wapo wenye akili kama sisi, je, tutakutana? Mwaka 1977 Marekani ilirusha chombo kiitwacho Voyager 1. Kimebeba sahani ya santuri yenye salamu kwa lugha 55. Mojawapo ni Kiganda, lugha ya jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka. Mna pia wimbo wa Wambuti wa msitu wa Ituri, Kongo. Chombo hicho hukimbia kilomita 17 kila sekunde. Hata hivyo kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kwenda umbali wa ile nyota jirani. Kwa hiyo tusitazamie mgeni kesho. Na dunia hii tukiiharibu, hatuna kijiji kingine cha kuhamia. Chemchemi tunayoilinda na msitu tusiouchoma ni mali ambayo hatujaiona mahali pengine popote angani.

6. JIWE LIKIANGUKA KIJIJINI KWETU

Wapo wanaoona kimondo wakasema ni uchawi, au ni ishara ya kifo cha mkubwa. Kimondo ni jiwe. Leo limeanguka Ivuna, kesho laweza kuanguka Rulenge au Nyakahura. Likianguka, fanyeni hivi:

(a) Andikeni siku, saa, na upande lilikotokea. Kalamu mnayo, na kuandika mnajua.

(b) Msilioshe. Jiwe la aina ya Ivuna likilowa hugeuka tope. Mvua moja ingetosha kulipoteza lile la mwaka 1938.

(c) Msilivunje wala kulichoma moto. Lifungeni katika kitu safi na kikavu.

(d) Toeni habari kwa Mtendaji wa Kijiji, ili wataalamu wa serikali waitwe.

(e) Msimpe fedha mtu anayeuza "jiwe la mbinguni" lenye bahati. Matapeli hupenda jiwe lolote jeusi na zito.

Aliyeokota vipande vya Ivuna hakuvitupa, wala hakuviacha vilowe. Kwa sababu ya uangalifu huo tu, leo dunia nzima inajifunza kutoka kwetu.

MANENO MAPYA

Chavua: unga mwembamba wa maua.
Kimondo: jiwe linaloanguka kutoka angani.
Sayari: gimba kubwa linalozunguka jua au nyota nyingine.
Ushahidi: jambo linalothibitisha kwamba neno ni kweli.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Jiwe la Ivuna lilianguka mwaka gani? Uzito wake ulikuwa kiasi gani?
2. Kwa nini dai la mwaka 1961 lilikataliwa?
3. Eleza maana ya maneno "tofali si nyumba" katika somo hili.
4. Mtu akikuambia habari ya ajabu kijijini, utamwuliza maswali gani kabla ya kuamini?
5. Je, wewe unaonaje? Kuna viumbe kwingine, au tuko peke yetu? Toa sababu zako.