Manukato si Badala ya Usingizi: Somo kwa Madereva wa Usiku

Tangu mwaka 2023, mabasi ya mikoani nchini Tanzania yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Barabara hizo hizo hupitiwa na malori yanayowahisha mazao sokoni na magari ya wagonjwa yanayoelekea hospitali za rufaa. Kazi hizi hufanyika saa ambazo mwili wa binadamu umezoea kulala. Ndiyo maana baadhi ya madereva hubeba mafuta ya mnanaa, maganda ya limau au dawa ya kuchua yenye harufu kali ili kufukuza usingizi. Somo hili linaeleza harufu hizo zinaweza nini, na haziwezi nini.

Harufu inavyofanya kazi

Harufu hupokelewa na neva za kunusa zilizomo puani, kisha taarifa hufika katika sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na kumbukumbu. Mentoli iliyomo katika mnanaa hugusa pia neva ya uso inayohisi baridi na mwasho. Kwa hiyo anayeinusa huhisi ubaridi na kuchangamka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, uliotumia kifaa cha kuigiza uendeshaji, ulionyesha kuwa harufu ya mnanaa na ya mdalasini ziliongeza umakini wa waendeshaji na kuwapunguzia kero. Si kila harufu ina kazi hiyo: lavenda, kwa mfano, hutumika kutuliza, hivyo haimfai dereva wa usiku.

Mipaka yake

Kwanza, pua huzoea. Harufu inayodumu garini huacha kuhisiwa baada ya dakika chache, ingawa bado ipo. Kibao cha manukato kinachoning'inia kwenye kioo mchana kutwa hakimsaidii dereva kukaa macho.

Pili, harufu haimwamshi aliyekwisha kulala. Mwaka 2004, watafiti Mary Carskadon na Rachel Herz walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watu waliolala walipelekewa harufu ya mnanaa. Waliokuwa katika usingizi mzito hawakuamshwa nayo, ilhali mlio wa sauti uliwaamsha.

Hapo ndipo ilipo hatari. Dereva aliyechoka anaweza kupitiwa na usingizi wa sekunde chache bila kujitambua. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Katika sekunde 4 huwa limekwenda karibu mita 90 bila kuongozwa na mtu. Chupa ya mafuta iliyo mfukoni haiwezi kulizuia.

Matumizi yaliyo sahihi

Harufu ichukuliwe kuwa msaada wa dakika chache za kutafutia mahali salama pa kuegesha. Dereva anayepiga miayo mfululizo, anayeona kope nzito, anayeyumba barabarani au asiyekumbuka kilomita alizopita hivi punde, afuate hatua hizi:

1. Apunguze mwendo, na aegeshe nje ya barabara mahali penye usalama.
2. Anywe kahawa, kisha alale dakika 15 hadi 20. Kahawa huchukua takriban nusu saa kufanya kazi, hivyo humkuta anaamka.
3. Akiamka, atembee kidogo kabla ya kushika usukani. Usingizi ukirudi, safari isiendelee mpaka alale vya kutosha au apokewe na dereva mwingine.

Tahadhari kubwa zaidi ichukuliwe kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi, na tena kati ya saa 8 mchana na saa 10 alasiri, kwa kuwa nyakati hizo usingizi huvuta zaidi.

Mafuta yenyewe yawekwe katika chupa iliyofungwa, yanuswe gari likiwa limesimama, na yasiguse macho. Yasisogezwe karibu na pua za watoto wachanga, wala yasimwagwe ndani ya gari la abiria, kwani harufu kali inaweza kumletea shida ya kupumua mwenye pumu.

Wajibu wa wengine

Mmiliki wa gari apange ratiba inayompa dereva nafasi ya kulala kabla ya safari, na safari ndefu zipewe madereva wawili. Utingo na abiria wanaomwona dereva akisinzia wamsemeshe na kumtaka asimame. Akikataa, wapige simu Polisi namba 112. Kuchelewa kufika kwa nusu saa kunavumilika.