Kompyuta Ikizima Wakati wa Kuhifadhi: Mfumo wa Zamani Hutibiwaje?

Somo la teknolojia kwa wakazi wa Kwale

Chukulia wewe ni katibu wa kikundi cha akina mama pale Ukunda. Michango ya miaka mitatu imo kwenye kompyuta moja. Unabonyeza kuhifadhi, skrini inaganda, kisha mashine inajizima. Ukiiwasha tena, faili inakataa kufunguka. Wengi wetu husema ni virusi, au stima imeyumba. Huenda ikawa kweli. Lakini wakati mwingine kosa liko ndani zaidi, kwenye kerneli.

Kerneli ni nini?

Kerneli ni kiini cha mfumo wa kompyuta. Programu ya kuandikia hesabu haigusi diski yenyewe. Huiomba kerneli iiandikie. Kerneli ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, imo ndani ya kila simu ya Android. Kwa hiyo hata asiye na kompyuta huenda anayo mfukoni.

Kerneli ikikutana na kosa zito inaposhughulikia diski, inaweza kusimamisha kila kitu. Inaudhi, lakini ina maana yake: afadhali mashine izime kuliko iendelee kuandika takataka juu ya hesabu zako.

Kwa nini watu hubaki na toleo la zamani?

Ofisi, hospitali na saiba haziwezi kubadilisha mfumo kila toleo jipya linapotoka. Huchagua toleo thabiti, linalotunzwa kwa miaka kadhaa. Kazi kubwa ya watunzaji wake si kuongeza mambo mapya bali kurekebisha makosa. Mafundi wa mashua wa Gazi na Shimoni wanalijua hili: chombo kikivuja hukibomoi, unakikalafati pale panapovuja.

Matoleo thabiti ya Linux yametunzwa na Greg Kroah-Hartman na Sasha Levin. Rekebisho lina masharti:

- Liwe limeshakubaliwa katika toleo kuu jipya. Ukiziba toleo la zamani peke yake, anayehamia jipya atakutana na kosa lile lile.
- Litibu tatizo la kweli, kama vile mashine kuzima, kuganda au kuharibu data.
- Liwe dogo, lisizidi mistari 100.
- Liwe limejaribiwa.

Funzo la Desemba 2023

Hata kwa masharti hayo, makosa hutokea. Rekebisho moja la ext4, mpangilio wa faili unaotumika sana kwenye Linux, lilichukuliwa kutoka toleo kuu na kutiwa katika toleo thabiti la 6.1.64. Kwenye toleo kuu lilifanya kazi vizuri, kwa sababu lilitegemea badiliko jingine lililotangulia. Toleo la 6.1 halikuwa na badiliko hilo. Matokeo yake, katika aina fulani ya uandishi, kerneli ilikosea kuhesabu mahali ilipofikia ndani ya faili, na data ikaweza kuandikwa pasipo pake.

Mradi wa Debian ulisitisha utoaji wa toleo lake la 12.3 tarehe 9 Desemba 2023. Kesho yake ukatoa 12.4, lenye kerneli 6.1.66 iliyorekebishwa. Dawa ilikuwa sahihi, ila mgonjwa alikuwa mwingine.

Tusichukulie kisa hiki kuwa sababu ya kukwepa masasisho. Kerneli isiyorekebishwa hubaki na makosa yanayojulikana. Funzo ni kwamba sasisho na nakala ya akiba huenda pamoja.

Ufanye nini?

1. Weka nakala kabla ya kusasisha. Moja ibaki nje ya jengo, kwani moto, wizi au hewa yetu ya chumvi havichagui flashi wala diski.
2. Jua toleo lako. Kwenye Linux, andika `uname -r`. Kwenye simu, fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu.
3. Washa mashine upya baada ya kusasisha. Kwa kawaida kerneli mpya haianzi kazi hadi mashine iwashwe tena.
4. Kama mna mashine nyingi, sasisheni moja kwanza, muitumie siku chache. Mifumo mingi ya Linux huhifadhi kerneli ya awali, hivyo unaweza kuirudia wakati wa kuwasha.
5. Mashine ikizima, piga picha ya maandishi ya skrini, andika saa na ulichokuwa ukifanya. Fundi apime diski na nyaya kwanza. Diski inayokufa haiponywi na sasisho.
6. Usiendelee kuandika kwenye diski unayoishuku. Nakili kwanza kilicho salama.
7. Angalia kama mfumo wako bado unahudumiwa. Huduma ya kawaida ya Windows 10, kwa mfano, ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Jipime

- Kwa nini rekebisho lililofanya kazi kwenye toleo jipya lilileta hasara kwenye la zamani?
- Kompyuta ya kikundi chako ikizima leo jioni, nakala ya hesabu zenu iko wapi?

Kama swali la pili halina jibu, anza nalo leo, kabla ya mkutano ujao wa kikundi.