Ziara ya Mombasa: hesabu siku baada ya mtoto kurudi

Karatasi ya ziara ya shule hufika nyumbani ikiwa imekunjwa ndani ya daftari. Huwa na mambo matatu: tarehe ya kuondoka, pesa zinazotakiwa, na mahali pa mzazi kutia sahihi. Kwa wengi wenu mnaofanya kazi Nairobi huku watoto wakisomea nyumbani, karatasi hiyo husomwa kwa simu. Nyanya anaisoma, wewe unatuma pesa kwa M-Pesa, mwalimu anaandika jina. Katika mazungumzo hayo yote ni nadra sana afya ya mtoto kutajwa.

Leo tujifunze jambo moja tu, nalo ni hili. Kwa mtoto anayeishi mahali pa baridi, ziara ya Pwani haimaliziki basi linaporudi. Malaria aliyoipata huko aghalabu hujitokeza juma moja au mawili baadaye, wakati watu wote wamekwisha sahau safari.

Nimechagua Nunguni kuwa mfano wetu. Watu wakisikia Makueni hufikiria jua kali la Kibwezi na mchanga wa mito mikavu. Nunguni haiko hivyo. Iko juu katika vilima vya Kilungu, na mwezi wa Julai utawaona watoto wakienda shule katika ukungu, sweta zimefungwa hadi shingoni. Huko hulimwa kabichi, kahawa na maparachichi. Ni mahali pazuri pa kulea mtoto, na hapo ndipo penye mtego.

BARIDI HUMZUIA MBU

Malaria huenezwa na mbu jike aitwaye anofelesi, ambaye huuma kuanzia machweo hadi alfajiri. Akimuuma mgonjwa hunyonya vimelea pamoja na damu, lakini hawezi kumwambukiza mtu mwingine papo hapo. Lazima vimelea vikomae kwanza mwilini mwake. Katika joto la Pwani kazi hiyo huchukua kama siku kumi. Joto likishuka chini ya nyuzi 18 za Selsiasi, huchukua muda mrefu mno hata mbu mwenyewe hufa kabla haijakamilika. Ndiyo sababu malaria ni haba katika vilima kama vile vya Kilungu, na ndiyo sababu ni haba Nairobi pia.

Sasa tazama upande wa pili. Mwili hujifunza kupambana na malaria kwa kuugua mara kwa mara. Mtoto aliyekulia Kwale au Siaya, akifika umri wa miaka kumi, mara nyingi huwa na kinga kiasi. Ataugua, lakini huenda asizidiwe upesi. Mwenzake wa Nunguni mwenye umri uo huo anaweza kupanda kilima na debe la maji bila kuhema, lakini mbele ya malaria yeye ni sawa na mtoto mchanga. Wala msitegemee chanjo. Chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2019 ilipelekwa kwa watoto wadogo wa kaunti za eneo la Ziwa Victoria, na mwanafunzi wa Gredi ya 5 huko Kilungu hakuwa miongoni mwao.

Haya yanamhusu mtoto wa Buruburu au Lang'ata sawasawa na wa Nunguni. Tena Mombasa si mahali pa pekee pa kuogopa. Shule ikipeleka watoto Tsavo kutazama ndovu, au Kisumu kutazama ziwa, hesabu ni ile ile.

HESABU YA SIKU

Tuseme basi limeondoka Nunguni Alhamisi alfajiri na kufika Mombasa jioni. Watoto wamelala katika mabweni ya shule fulani, au wametandikiwa magodoro darasani, madirisha wazi kwa sababu ya joto. Mtoto anaumwa na mbu usiku huo wa kwanza. Ijumaa wanatembelea Fort Jesus na kwenda ufuoni, na Jumamosi wanarudi nyumbani.

Vimelea vilivyoingia usiku wa Alhamisi hukimbilia kwenye ini na kujificha humo, vikizaliana kimya kimya. Mtoto hana dalili yoyote. Homa huanza vinapotoka kwenye ini na kuvamia damu, na hilo kwa kawaida huwa kati ya siku ya 7 na ya 14 tangu kuumwa. Wakati mwingine huchukua mwezi mzima au zaidi. Kwa hiyo Jumapili mtoto yuko kanisani akiwasimulia wenzake habari za bahari. Jumatatu anachora ngome ya Wareno kwenye karatasi kubwa kwa mradi wa darasa. Homa inabisha hodi katika juma la pili, na hakuna anayekumbuka kuihusisha na Mombasa.

Nilimtibu mvulana mmoja wa Gredi ya 5 kwa namna hiyo hiyo. Aliletwa na nyanya yake, akiwa amedegedega njiani. Homa ilianza Jumanne ya juma la pili baada ya ziara. Alitapika, akakohoa, akalalamika kichwa. Ulikuwa msimu wa baridi na nusu ya kijiji ilikuwa ikikohoa, basi nyanya akampa chai ya tangawizi na Panadol. Siku ya tatu akampeleka zahanati moja ya karibu, wakaambiwa ni kifua, wakapewa dawa ya kuua bakteria. Niliuliza swali ninalomuuliza kila mwenye homa: mtoto huyu amesafiri? Nyanya akajibu, "La, daktari, huyu ni wa shule na nyumbani tu." Hakudanganya. Kwake yeye safari ni kwenda kwa jamaa, na ziara ilikuwa sehemu ya shule. Dada yake mdogo, mwenye miaka saba, ndiye aliyesema, "Alienda Mombasa. Aliniletea kombe." Tulimtoboa kidole, na katika dakika ishirini tukawa na jibu. Alipona kwa sindano za atesuneti, lakini siku nyingine mbili za kungojea zingetosha kumuua.

Nyanya huyo alifanya yote ambayo mzazi mwangalifu wa Kilungu hufanya kwa kikohozi cha Julai. Hakuna aliyemwambia kwamba kulikuwa na siku za kuhesabu.

KAZI YA DARASANI

Walimu siku hizi wana miradi mingi, kwa kuwa mtaala wa umilisi unawataka wanafunzi wafanye kuliko kukariri. Baada ya ziara watoto hutengeneza vielelezo, huandika ripoti, hubandika picha ukutani. Naomba iongezwe karatasi moja tu kando ya picha hizo. Iandikwe tarehe ya usiku wa kwanza uliolalwa Pwani, na chini yake visanduku vya siku 30 tangu kurudi. Kila asubuhi mwanafunzi mmoja akate kisanduku cha siku hiyo na kuuliza darasa: nani anasikia homa, nani anaumwa kichwa, nani hakuja shule na kwa nini? Watoto wa Gredi ya 4 wanaiweza kazi hii, tena wataifanya kwa bidii kuliko sisi watu wazima.

Siku ya Malaria Duniani huadhimishwa Aprili 25, lakini mara nyingi tarehe hiyo huangukia likizo au siku za kufungua shule. Heri mwalimu aweke siku yake mwenyewe ya malaria, juma moja baada ya basi kurudi. Siku hiyo kila mtoto apeleke nyumbani barua ya mistari miwili, iandikwe kwa Kikamba kama nyanya haelewi lugha nyingine: mtoto huyu alilala Mombasa tarehe fulani, akishikwa na homa kabla ya tarehe fulani, apimwe malaria siku hiyo hiyo.

KABLA YA KUONDOKA

Swali la kwanza la kumwuliza mwalimu liwe: watoto watalala wapi, na kuna vyandarua? Kama havipo, mtoto abebe chake, pamoja na kamba za kufungia. Chandarua kilichotiwa dawa hakina uzito wa kulalamikia. Abebe pia shati la mikono mirefu na suruali ndefu za kuvaa kuanzia saa kumi na mbili jioni. Wengi hufungasha nguo nyepesi tu kwa kuwa Mombasa kuna joto, na jioni miguu hubaki wazi.

Zipo dawa za kumeza za kuzuia malaria. Hunywewa kabla ya safari, wakati wa safari na baada ya kurudi. Zisinunuliwe ovyo dukani, kwa maana kuna moja isiyomfaa mtoto aliye chini ya miaka minane, na nyingine isiyomfaa mwenye kifafa. Mwone daktari angalau juma moja au mawili kabla ya safari, hasa ikiwa mtoto ana ugonjwa wa selimundu. Kwa huyo malaria ni hatari maradufu, na mimi singemruhusu alale Pwani bila dawa ya kinga.

Mtoto mwenye pumu abebe kipulizo chake mwenyewe, asikifiche kwa kuona haya mbele ya wenzake. Mwenye kifafa asikose kidonge hata siku moja, na mwalimu ajue. Barabara ya kuteremka vilima vya Kilungu ina kona nyingi, kwa hiyo anayetapika garini akae mbele, atazame mbali, na asishindiliwe mandazi ya mafuta alfajiri. Maji anywe. Wasichana wengi hukataa maji njiani kwa kuhofia vyoo vya vituoni, na hufika Mombasa wakiumwa kichwa kwa ukavu wa mwili. Basi lisimame kila baada ya saa mbili.

Kuku na wali vilivyopakiwa usiku vikiwa moto ndani ya mkebe wa plastiki visiliwe saa saba mchana Mtito Andei. Chapati kavu, mayai ya kuchemsha na ndizi vinatosha.

Kuhusu bahari nitasema machache lakini myasikie. Mtoto wa vilimani hajui kuogelea, na wimbi halingoji mwalimu amalize kuhesabu. Maji yasivuke magoti, na kila watoto watano wawe na mtu mzima mmoja aliyesimama ndani ya maji, si aliyekaa mchangani na simu. Na njiani mikanda ifungwe. Ajali ya Machi 18, 2024 huko Maungu, karibu na Voi, iliua wanafunzi 11 wa Chuo Kikuu cha Kenyatta waliokuwa wakielekea Mombasa kwa masomo.

HOMA IKIJA

Ndani ya siku 30 baada ya kurudi, homa yoyote ichukuliwe kuwa malaria mpaka kipimo kikatae. Usisubiri itulie. Malaria kwa mtoto haina adabu ya kuja na kutetemeka tu kama tulivyofundishwa zamani. Huweza kuja na kikohozi, kutapika, hata kuharisha. Mpeleke siku hiyo hiyo, na kabla hujaeleza jambo lingine sema: "Mtoto huyu alilala Mombasa tarehe fulani." Daktari au klinikali ofisa aliyezoea vifua vya Kilungu hawezi kulibahatisha hilo. Kama uko Nairobi na mtoto yuko nyumbani, mpigie nyanya simu ukamkumbushe maneno hayo.

Kipimo kikikataa na homa ikaendelea, rudi kesho yake apimwe tena. Kuna pia homa ya dengi, ambayo ilizuka Mombasa mwaka 2017 na tena 2021. Mbu wake huuma mchana, na homa yake huweza kuanza mapema, hata siku ya nne. Kwa sababu hiyo mtoto aliyetoka Pwani asipewe aspirini wala ibuprofeni kwa homa. Parasetamoli yatosha, kwa kipimo cha uzito wake.

Akidegedega, akitapika kila kitu, akishindwa kukaa au kunywa, akipumua kwa kasi, akilala usingizi usio wa kawaida au akikojoa mkojo mweusi, huyo si wa zahanati. Ni wa hospitali, na ni sasa hivi.

Malaria isiyo kali hutibiwa kwa vidonge vya AL. Klorokwini, ambayo nyanya wengi bado huiulizia kwa jina, iliachwa Kenya mwaka 1998 kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea. AL hunywewa mara sita kwa siku tatu, na hapa ndipo wengi hukosea. Dozi ya pili hufuata saa nane baada ya ya kwanza. Kama alimeza ya kwanza saa nane mchana, ya pili ni saa nne usiku, na mtoto aamshwe hata kama amelala vizuri. Kisha ni asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, ingawa homa imekwisha na anataka kwenda kucheza. Akitapika ndani ya nusu saa, arudie dozi ile. Dawa hii huingia mwilini vizuri ikiwa na chakula chenye mafuta kidogo: maziwa, au parachichi lililopondwa, ambalo Nunguni halihitaji kununuliwa mbali.