Dondoo muhimu: Kununua gitaa la mtumba la uso uliobinuka

Kampuni za Harmony na Kay za Chicago zilitengeneza kwa wingi magitaa haya yenye matundu ya herufi f, na mengi bado yanapatikana kwa bei nafuu. Kagua shingo kwanza. Ikiwa imepinda au imeanza kuachana na kiwiliwili, liache gitaa hilo. Kuirekebisha mara nyingi hugharimu zaidi kuliko gitaa lenyewe. Mikwaruzo isikutishe.

Daraja halikugundishwa, linashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu, hivyo badilisha uzi mmoja mmoja. Kisha, ili kujua kama daraja liko mahali pake, gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12, uupige na usikilize, halafu ubonyeze hapo hapo na kuupiga tena. Sauti ya kubonyeza ikiwa juu kuliko ile ya kugusa, legeza nyuzi, usogeze daraja kuelekea mkiani. Ikiwa chini, lisogeze kuelekea shingoni.